Homa ya ini si ushahidi wa zina

Kabla ya Ramadhani iliyopita, mtoto wa kaka yangu alikwenda kupimwa medikali ya kazi za Ghuba. Safari ikafa palepale. Damu yake ilikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, naye akapewa karatasi dirishani kama risiti ya maji, bila neno moja la maelezo. Lakini si safari iliyotuumiza. Siku ya tatu mkewe alikuwa kwao na nguo zake, mkwe anataka talaka, na kijana analia barazani kwangu: "Ami, naapa sijatoka nje ya ndoa yangu."

Nilimwamini, na sababu ya kumwamini ndiyo nataka muijue, maana najua nyumba nyengine zinazoungua kwa moto huu huu.

Mimi si daktari. Niliyapata haya kwa muuguzi jirani yetu, kisha nikayasoma mwenyewe. Virusi hivi hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Ndiyo, hupita katika tendo la ndoa, tena kwa wepesi kuliko vya Ukimwi. Lakini hapa kwetu Afrika wengi walio navyo hawakuvipata ukubwani. Walivipata siku ya kuzaliwa kutoka kwa mama, au utotoni kwa damu ya mwengine iliyogusa kidonda. Mtoto mchanga akiambukizwa, kama 90 kati ya 100 hubaki navyo maisha. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Wanaobaki navyo ni wachache sana.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hii mwaka wa 2001. Kijana wetu alizaliwa 1996. Basi hesabu wewe.

Karatasi ile inasema virusi vipo. Haisemi viliingia lini wala kwa nani. Mtu aweza kukaa navyo miaka 30 bila macho kuwa manjano wala ubavu kumuuma, huku ini likiharibika polepole, hata kufikia saratani. Ndiyo maana naye lazima afuatiliwe hospitali. Wengine huanzishiwa dawa, wengine huangaliwa tu kila baada ya miezi.

Kule kwa wakwe walimtengea sahani na kikombe. Hilo lilinichoma kuliko talaka. Homa hii haipiti kwa kula sinia moja, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kikohozi. Cha kutenga ni wembe, mswaki, kikata kucha na sindano. Virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili siku saba, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona. Na wapenzi wa hijama, nami ni mmoja wao, tuulize wembe ule umetoka kwenye pakiti mpya au umefutwa tu kwa kitambaa.

Kwa mke, jambo la kwanza ni kupimwa. Kuna kipimo cha virusi na kipimo cha kinga. Aombe vyote viwili. Mwenye kinga hana la kuogopa. Asiye na virusi wala kinga huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mpaka zitimie, mume atumie mpira, na anayeona haya kuzungumzia mpira aone haya zaidi kumdhuru mkewe. Mwenye wake wawili, wote wawili wapimwe, hata kama kumweleza bi mkubwa ni shughuli.

Ikiwa mke ndiye aliye navyo na ni mjamzito, amwambie mkunga mapema, ili mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, asingojee ile ya wiki ya sita. Kunyonyesha hakukatazwi.

Mkaza mwana wetu alipimwa, akakutwa hana virusi wala kinga. Amerudi nyumbani, sindano mbili amedungwa, ya tatu ni mwezi ujao. Wanakula sinia moja. Mkwe wake kijana akija kututembelea bado huja na kikombe chake mkobani, nasi tunamtilia chai humo humo.