Mkoba wa Ndugu Yetu wa Reli



Hapa Juba hakuna reli. Ile ya Sudan Kusini ilifika Wau mwaka 1962 ikaishia huko. Lakini baadhi yetu tuna ndugu katika reli za Kenya na Uganda, na tukienda likizo tunapenda kuwapelekea zawadi. Mkoba wa kazi ni zawadi njema, ukipangwa vizuri.

Uwe wa turubai, wenye mkanda mrefu wa kuvaa begani, ili mikono yote miwili ishike ngazi ya behewa. Ndani weka chupa ya maji, tochi na betri za akiba, bandeji, sabuni na kitambaa cha jasho. Kitambaa kisiwe chekundu: penye reli, nyekundu ni amri ya kusimama.

Buti, kofia ngumu na glavu usikimbilie kununua. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Ukivinunua wewe, unamlipia deni lake. Muulize ndugu yako kama amepewa. Kama bado, tia mkobani daftari na kalamu: aandike kila tarehe aliyoomba, ampelekee katibu wa tawi lake.