Baba Mtoto, Namba 115 Unayo?

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia kurasa za mitindo, chukua simu ya mumeo uangalie kama kaisevu namba 115. Haimo? Basi kaa tuzungumze.

Mwaka 2023 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza Dar, na baada ya siku nne nikapelekwa Bagamoyo kwa mama mkwe kumaliza arobaini. Watu wa pwani mnajua mambo yake: kukandwa maji ya moto, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na ufagio marufuku kuugusa. Raha mustarehe! Ila kunyonyesha kulinishinda. Matiti yalivimba kama mawe, chuchu zikachanika, mtoto analia usiku kucha. Na digrii yangu ya mawasiliano, nimesoma vijitabu vyote, nikamtuma baba mtoto akanunue maziwa ya kopo.

"Subiri kwanza mwanangu," mama mkwe akasema, "nikuitie mtu."

Akaja mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Akatazama kidogo tu, akacheka. "Huyu hanyonyi, anatafuna chuchu." Akanionyesha: nisubiri mtoto apanue mdomo kabisa, kidevu kiguse ziwa, na sehemu kubwa ya ule weusi iingie mdomoni, si ncha peke yake. Ziwa likiwa gumu, nilikande kwa kitambaa cha uvuguvugu na kukamua kidogo kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nanyonyesha huku nasinzia. Kopo tulimrudishia mwenye duka.

Sasa sikia ya wifi yangu. Yeye kaolewa na mvuvi, kijiji kimoja huko juu njia ya Saadani. Masika ya 2024 uchungu ulimshika usiku, mimba haijatimiza miezi minane. Mumewe yuko dago. Barabara tope tupu, bodaboda hakuna aliyethubutu. Akajifungulia nyumbani, mtoto njiti. Bibi mmoja akaamuru yale maziwa ya mwanzo ya njano yakamuliwe yamwagwe, eti machafu, mtoto apewe maji ya sukari. Jamani! Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na anatakiwa awekwe ziwani ndani ya saa moja.

Damu ya wifi ilipokataa kukata, jirani mmoja akapiga 115. Huo ni mfumo wa m-mama, ulianzia Shinyanga na sasa umeenea nchi nzima. Kupiga ni bure. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, anatafuta ambulansi, na ikiwa mbali anampigia dereva wa jamii, mtu wa maeneo hayo hayo mwenye gari, ambaye hulipwa na mfumo kwa simu. Hamchangishani nauli usiku. Alfajiri wifi alikuwa hospitali, mtoto kafungwa kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanayoita kangaruu, analishwa maziwa ya mama kwa kikombe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya 2015/16. Hongera zetu. Lakini watoto wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Hapo ndipo tumekwama.

Waliporudi kijijini, maneno yakaanza: mtoto mdogo hivi, wamembemenda! Yaani wazazi wamekutana kimwili mapema, maziwa yameharibika. Shemeji akahamishiwa kulala kwa kaka yake, ndoa ikaanza kunuka moshi. Wapendwa, tendo la ndoa haliharibu maziwa. Njiti ni mdogo kwa sababu kazaliwa kabla ya wakati, basi. Mama akishapona na kuwa tayari, ni lenu wawili. Ila kumbukeni mimba: kunyonyesha kunakinga vizuri pale tu mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, muoneni nesi awape njia nyingine.

Na sisi wa maofisini tusijione wajanja. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nani kati yetu anaziomba? Mimi nilikuwa nakamulia chooni, kwa mwajiri wangu wa zamani, nikiogopa kumuuliza bosi. Baba naye ana siku zake tatu, ingawa wengi huzimalizia kupokea wageni.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Njiti wetu anakimbiza kuku uwanjani, na mama yake ana mimba nyingine ya miezi sita. Nikamwomba shemeji simu yake. Namba imo. Kaiandika "Gari la Mama", na safari hii, anasema, dago haendi.