Kishikwambi Kipya na Mtandao wa Chuo: Kwa Nini Uhakiki Usirukwe

1. Utangulizi

Kila muhula uanzapo, wapo wanafunzi wanaofika chuoni na vishikwambi vipya, wakitumaini kusoma vitabu vya maktaba siku iyo hiyo. Kifaa huliona jina la mtandao usiotumia waya, huomba nywila, kisha hugoma. Ndipo mwenzake humshauri: "Chagua tu kutokuhakiki cheti, kitaingia." Katika makala hii tunakusudia kueleza sababu za mgomo huo, utaratibu wa kutafuta chanzo chake, na kwa nini ushauri huo haufai, hasa kwa mtu aliyekabidhiwa siri za watu.

2. Jinsi mlango unavyofunguliwa

Tuchukue mfano wa eduroam, mtandao unaotumiwa na vyuo vingi ulimwenguni. Wazo lake lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, nchini Uholanzi, na leo umeenea katika nchi zaidi ya 100, zikiwamo Kenya na Uganda. Mwanafunzi anayetembelea chuo kingine hutumia jina na nywila za chuo chake mwenyewe. Chuo mwenyeji hakimjui. Hupeleka ombi lake kwa seva ya chuo alikotoka, nayo ndiyo hujibu kama mtu huyo ni wake ama sivyo.

Lakini uhakiki huo una pande mbili. Kabla ya kutoa nywila, kishikwambi nacho hakina budi kujua kwamba seva inayouliza ni ya chuo kweli. Kazi hiyo hufanywa na cheti cha seva. Mgeni akifika usharikani na kudai ametumwa na dayosisi, wazee wa kanisa huomba barua yenye muhuri. Cheti ndicho barua hiyo.

3. Utaratibu wa uchunguzi

Kabla ya yote, tutazame kifaa cha jirani. Kikigoma nacho katika chumba hicho hicho, huenda kosa si la kishikwambi chetu. Kikikubali, tuendelee, tukibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kwanza, jina la mtumiaji. Liandikwe kamili, pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo. Jina fupi laweza kukubalika nyumbani, bali ugenini ombi halitajua liende wapi.

Pili, tarehe na saa. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kifaa ambacho saa yake imebaki nyuma mwaka mzima chaweza kukiona cheti halali kana kwamba muda wake haujaanza.

Tatu, cheti na jina la seva. Vifaa vya Android huuliza jina la domeni ya seva. Jina hili lisikisiwe. Liulizwe kwa wasimamizi wa mtandao. Ambako chuo kimeitayarisha programu ya geteduroam, ni heri kuitumia, kwa maana hujaza mambo haya yenyewe.

Nne, anwani ya kifaa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPadOS 14 ya mwaka 2020, vifaa vingi hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao badala ya ile ya kiwandani. Ikiwa chuo huandikisha vifaa kwa anwani zao, iliyochapwa kwenye boksi yaweza isilingane. Iandikishwe ile inayoonekana katika mipangilio ya mtandao huo.

Tano, kifaa chaweza kuonyesha kwamba kimeunganishwa, lakini kurasa zisifunguke. Tuitazame namba yake ya mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake kifaa hakikupewa namba na mtandao, kikajipatia chenyewe. Tuufute mtandao huo katika kumbukumbu ya kifaa na kuanza upya; tatizo likirudi, tuwaarifu wasimamizi.

4. Hatari ya njia ya mkato

Mtu yeyote aweza kuweka kifaa kidogo kando ya barabara na kukipa jina lile lile la mtandao wa chuo. Kishikwambi kisichohakiki cheti kitamsalimu kama mwenyeji, na nywila yaweza kuangukia mikononi mwake. Ndiyo sababu Google iliiondoa nafasi ya kutokuhakiki katika simu zake za Pixel, kwa sasisho la Android 11 la Desemba 2020.

Katika vyuo vingi nywila hiyo hiyo hufungua barua pepe na matokeo ya mitihani. Kwa mchungaji, barua hizo zaweza kuwa na habari za ndoa inayovunjika, au maungamo ya mtu aliyemwamini. Hasara hapo si yake peke yake. Ni ya watu ambao hawakuulizwa.

5. Hitimisho

Kwa hiyo, mgomo wa kishikwambi mara nyingi si ukaidi, bali ni swali ambalo hatujalijibu: huyu anayeniomba nywila ni nani? Aliyekwisha kupita njia ya mkato aufute mtandao huo katika kifaa chake, abadili nywila, kisha auandae upya pamoja na cheti. Naye anayewasaidia wengine asiwafundishe kuruka swali hilo kwa kuokoa nusu saa.