Umeme wa Inga unavyopita juu ya vichwa vya Wakongo

MTO Kongo unapokaribia Bahari ya Atlantiki, si mbali na bandari ya Matadi, hushuka takriban mita 96 katika mwendo wa kilometa 15 hivi. Hapo ndipo Inga, mahali ambapo wataalamu wanakadiria kuwa panaweza kufuliwa zaidi ya megawati 40,000 za umeme.

Sifa ya mto huo si wingi wa maji peke yake. Kwa kuwa unavuka ikweta mara mbili, mvua zikikoma upande mmoja hunyesha upande wa pili, hivyo maji hayapungui sana mwaka mzima. Kariba, iliyopungukiwa maji vibaya mwaka 2024, haina bahati hiyo.

Hata hivyo, mitambo iliyojengwa ni miwili tu: Inga I ya mwaka 1972, yenye megawati 351, na Inga II ya mwaka 1982, yenye megawati 1,424. Mwaka huohuo wa 1982 ilikamilika pia njia ya umeme ya kilometa zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba.

Hapo ndipo penye kero. Njia hiyo husafirisha umeme wa mkondo mnyoofu, ambao haupotei sana katika masafa marefu, lakini hauchoteki popote kama maji ya bomba. Kila mahali unapotakiwa kushushwa pahitaji kituo cha kuubadili, na gharama yake ni kubwa mno kwa kijiji. Matokeo yake, wengi wanaolima chini ya nyaya hizo hulala gizani, katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme.

Inga III nayo ilianza kwa kutafutiwa wateja wa mbali. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilitia saini mkataba wa kununua megawati 2,500 kati ya 4,800 zilizopangwa wakati huo. Si ajabu: mabenki hayakopeshi mabilioni kwa kutegemea balbu mbili za mkulima, bali mnunuzi mwenye uwezo wa kulipa kwa miaka mingi.

Benki ya Dunia, iliyosimamisha msaada wake mwaka 2016, ilirejea Juni 2025 kwa kuidhinisha dola milioni 250 za awali. Safari hii sehemu ya fedha imeelekezwa kwa jamii zinazoishi jirani na Inga.