Ukungu Hufa Motoni, Sumu Yake Haifi

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi hayo yalikuwa yamewekwa akiba kabla hayajakauka.

Wengi hudhani kuwa moto wa jikoni huondoa madhara hayo. Sivyo. Ukungu wenyewe hufa sufuriani, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje, iitwayo sumukuvu, hubaki katika ugali na uji, ikaharibu ini. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu hupita hata katika maziwa.

Basi kinga ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13. Asiye na kipimo atwae chupa kavu, atie punje na chumvi kavu kidogo, aitikise vizuri, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudishwe juani.

Punje zilizobadilika rangi, kuvunjika au kutobolewa na wadudu zichambuliwe na kufukiwa, wala zisipewe kuku au mpika pombe. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Ndugu askari, gunia ulilopewa kijijini wakati wa likizo lifungue ulichunguze kabla ya kumkabidhi mama watoto.