Kabla Hujapigilia Msumari

Ingia madukani Kariakoo uulize picha za ukutani. Utaonyeshwa kwanza zile za vipande vitatu: mawimbi ya bluu, swala kwenye ukungu, mnara wa Eiffel chini ya mvua, waridi jekundu juu ya mawe meusi. Zimechapwa kwa mashine, fremu zake nyepesi, na unaweza kuondoka nazo kwenye bodaboda. Sina ugomvi nazo. Shida ni kwamba ukishazitundika juu ya kochi, habari imeishia hapo. Mgeni atatupa jicho mara moja, atasema pamependeza, kisha mtaendelea na habari za bei ya luku. Mwaka wa pili hata mwenye nyumba hazioni tena.

Kipimo changu ni kimoja. Picha inayofaa kupewa ukuta ni ile ambayo mtu akiiuliza, una la kumjibu. Nani kaichora, pale ni wapi, yule mzee ni nani, mbona chui anacheka? Suala la kuoana na mapazia lije baadaye. Wauza samani watakuambia kinyume, na siwalaumu, kwa kuwa mapazia nayo wanauza wao.

Kwa kipimo hicho, kuta nyingi tunazozicheka zinafaulu. Sebule ya kawaida ya mjini ina picha ya harusi, ya mtoto aliyevaa joho la mahafali, ya babu aliyepigwa studio akiwa amesimama wima kama askari. Nyumba ya Kikristo ina Karamu ya Mwisho au Moyo Mtakatifu wa Yesu; ya Kiislamu ina Kaaba, au Ayatul Kursiyyu kwa maandishi ya dhahabu juu ya kitambaa cheusi. Kuna na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo wapambaji hukimbilia kuitoa. Lakini kila kimoja kati ya hivyo kina kisa, na mwenye nyumba anakijua bila kusoma popote. Anayeviondoa vyote ili aweke mawimbi ya bluu amepunguza kitu nyumbani kwake, hata kama sebule sasa inafanana na ya kwenye simu.

Tena kupamba ukuta si jambo tulilojifunza jana. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa na kupangwa kutoka chini kwenda juu katika chumba cha ndani. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina, na baadaye za kutoka Ulaya. Chumba kile kilikuwa na giza, na ule weupe wa chokaa ulisaidia kukusanya mwanga mdogo uliopenya. Aliyebahatika kukaribishwa huko aliusoma ukuta na kuelewa kwamba familia hii ina mkono bandarini. Mapambo yaliwafuata hata waliofariki: kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, nguzo za makaburi zilipachikwa bakuli za Kichina. Nani angenunua bakuli la thamani namna ile kwa sababu tu linaendana na rangi ya kaburi?

Lakini watu ninaowapa heshima kubwa kwa kuchagua picha hawakuwa wa pwani. Walikuwa Lubumbashi, Kongo, katika miaka ya 1970. Huo ni mji wa shaba. Wakazi wake walikuwa wafanyakazi wa migodi, wa reli, makarani na walimu, waliotoka makabila mengi na kuelewana kwa Kiswahili. Mwenye kazi ya kudumu alikuwa na salon: makochi, redio, kabati la vyombo, na juu yake mchoro uliopakwa kwa mkono. Wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakakiwamba kwenye mbao, wakapaka, wakazunguka mitaani kuuza. Bei ililenga mshahara wa mfanyakazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mteja. Kazi hizo waliziita ukumbusho.

Na mteja alijua anachotaka. Zilikuwepo aina chache zinazojulikana, na mchoraji aliombwa moja kati ya hizo kama unavyomwomba fundi cherehani mshono unaojulikana. Mmoja aliagiza mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu na saa ya mkononi, anayetoa utajiri kwa masharti magumu. Mwingine alimtaka Lumumba. Wengi walitaka picha iliyoitwa Colonie Belge: ua wa gereza, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa, na ofisa wa Kibelgiji amesimama anatazama.

Mtu ametoka zamu, amechoka, ana pesa kidogo mfukoni, ananunua picha ya binadamu akichapwa kiboko na kuitundika juu ya kochi la wageni. Mshauri wa mapambo wa leo angeomba maji ya kunywa. Lakini picha ile ilifanya kazi. Baba aliwaeleza watoto jinsi babu yao alivyofanya kazi kwa Wabelgiji. Jirani naye akaongeza la kwao. Na chini ya Rais Mobutu, kuzungumzia gereza la wakoloni kulikuwa salama kuliko kuzungumzia gereza la mwaka ule, anayeelewa akaelewa. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo 100, huku akiisimulia kwa Kiswahili cha mkoa wa Shaba mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha zile zilikwenda kuhifadhiwa Amsterdam.

Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kupaka wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, dukani walikofanya manunuzi wageni waliokaa mtaa ule. Mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha chama chao cha ushirika, ambacho mpaka leo kinafanya kazi palepale Oysterbay.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mgeni, na mnunuzi ndiye huamua sokoni. Mgeni alitaka tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro, saizi ya kuingia kwenye sanduku la safari. Ndiyo maana tembo wakazaliana kwenye turubai kuliko Selous. Ndiyo maana pia Watanzania wengi husema picha za Tingatinga ni za Wazungu, wakapita na kwenda kununua mnara wa Eiffel, ambao sijui ni wa nani.

Mikono hiyohiyo huchora mambo yetu vizuri mno. Ipo michoro ya soko la samaki, zahanati yenye foleni, ngoma ya unyago, mganga na wateja wake, daladala iliyoinama upande mmoja. Mohamed Charinda, mmoja wa wazee wa fani hii, alijulikana kwa picha za hadithi na mashetani, na ukisimama mbele ya moja utachelewa kuondoka. Kazi za namna hii mara nyingi haziko mbele ya duka. Mwambie mwuzaji akufunulie zile za chini ya rundo.

Ukizifunua, tazama. Kama picha ileile imetundikwa mara tatu kwenye banda moja, ujue ni kazi ya mkupuo. Si dhambi, ila bei yake iwe ya mkupuo. Angalia macho ya mnyama na ya mtu, maana mchoraji aliyechoka huanzia hapo kulipua. Angalia kingo, angalia kama madoa ya chui yanafuata mwili au yamemwagwa tu. Gusa kwa kidole pembeni, maana rangi hii ya mafuta huchelewa kukauka kabisa, na ukiikunja mbichi itagandana. Ikibidi kuiviringisha kwa safari, upande wenye rangi uwe nje, kisha ifunuliwe mapema ukifika. Na muulize mchoraji picha inasimulia nini. Asipokuwa na jibu, na wewe hutakuwa nalo.

Hapa nichomekee jambo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, msanii aliyesoma Makerere na London na baadaye akawa balozi wetu Uingereza, alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba la Museum of Modern Art la New York liliinunua picha hiyo mwaka 1960. Sasa nenda kwenye ukumbi wowote wa harusi Moshi uniambie ukutani kuna nini.

Ofisini kuna mgeni wa kudumu, naye ni picha ya Rais. Iko juu, katikati, nyuma ya kiti cha mkubwa, na mara nyingi ya Mwalimu Nyerere iko jirani. Usijaribu kushindana nayo. Ukuta huo uachie, halafu picha yako iweke ukuta wa mkabala, anaoutazama mwenye ofisi akiinua kichwa kwenye mafaili. Ofisi nyingi zetu, hasa za zamani, zina kuta za rangi mbili, rangi nzito ya mafuta chini na nyepesi juu. Picha ikiukalia mstari wa kati huonekana kama imekatwa kiuno, kwa hiyo ipandishe yote juu ya mstari hata kama itazidi kidogo usawa wa macho. Pale watu wanaposubiri, weka picha yenye mambo mengi. Anayengoja kuitwa kwa saa nzima ananufaika na soko lenye watu 40 wa kuwahesabu kuliko na bango la dira na dhamira ya taasisi, ambalo amekwisha kulisoma na hajaliamini.

Nyumbani, kosa la kawaida ni kutundika juu mno. Makumbusho mengi huweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, kwa ajili ya watu waliosimama. Sebuleni watu hukaa, kwa hiyo shusha. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 25 kati ya mgongo wa kochi na fremu. Upana wa picha, au wa kundi la picha, ukikaribia theluthi mbili za kochi, macho yanaridhika. Usikisie. Kata gazeti kwa saizi ya picha, libandike ukutani kwa gundi ya karatasi, ulale nalo siku mbili tatu.

Rangi ya Tingatinga inang'aa, na fremu yenye kioo ndiyo zaidi, kwa hiyo usiitundike ikitazamana na dirisha au taa. Utaona pazia na sura yako. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri hufifisha picha zilizochapwa na za karatasi upesi. Pwani, kutoka Mombasa hadi Mtwara, adui mwingine ni unyevu. Bandika vipande vya mpira au kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite, na epuka ukuta wa nje unaopigwa mvua, la sivyo ukungu utaingia nyuma ya turubai kimyakimya. Mchwa nao hupenda fremu ya mbao laini iliyogusana na ukuta.

Msumari wa kawaida kwenye tofali za saruji hupinda, au huondoka na plasta. Drili, fisha na skrubu vinamaliza kazi kwa dakika chache. Wapangaji nao wana mzigo wao, mwenye nyumba hataki kuona tundu. Omba ruhusa ya ubao mmoja tu, mwembamba na mrefu, ufungwe kwa skrubu mbili karibu na dari. Picha zote zitaning'inia hapo kwa waya, na utazibadilisha upendavyo bila kugusa ukuta. Akikataa hata huo, isimamishe picha juu ya kabati, iegemee.

Familia nyingi za Kiislamu hazitundiki picha za viumbe hai, hasa panaposwaliwa. Kwao zipo kazi nzuri za maandishi, milango ya Zanzibar, majahazi, mitaa ya Mji Mkongwe, na wachoraji wa kuziagiza hawakosekani.

Kuagiza, kwa maoni yangu, ndiyo njia ya mtu wa kawaida, na wengi hawajui kwamba inawezekana. Huhitaji kuwa tajiri, unahitaji kuwa na kisa. Mama aliuza vitumbua stendi ya Tanga akakusomesha: hiyo ni picha. Mlikaa uswahilini nyumba ya vyumba sita yenye bomba moja: hiyo ni picha. Mpelekee mchoraji maelezo na picha za zamani kama zipo, mwambie nani alikaa wapi na mwembe ulikuwa upande gani, kisha mwache achore kwa mkono wake, usimsimamie kama mpaka rangi wa nyumba. Patana naye bei, malipo ya awali na siku ya kuchukua. Mwombe aandike nyuma ya turubai jina lake, mwaka na maneno mawili matatu kuhusu kisa chenyewe. Na kabla ya kutoka nyumbani pima ukuta, upana na kimo, kwa sababu hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.