Je, Wajua? Konokono Mwenye Manyoya wa Kilindini

Kwenye chemchemi za maji moto za vilindi vya Pasifiki na Bahari ya Hindi wanaishi konokono wa jenasi Alviniconcha, jina linalotokana na nyambizi ya utafiti Alvin. Ganda lao limeota vinyweleo. Hula kwa namna ya ajabu: bakteria ndani ya matamvua yao hutengeneza chakula kwa nishati ya gesi kama ile inukayo yai viza, bila jua.

Tangu 1988 ilitambuliwa rasmi spishi moja tu, A. hessleri. Mwaka 2014, kwa kutumia DNA, wanasayansi waliwapa majina wengine watano, ambao kwa ganda pekee ni vigumu mno kuwatofautisha. Mmoja, A. marisindica, ni wa Bahari yetu ya Hindi.